Kudai malipo ya kazi ya mkataba kwa mwajiri wa zamani

Kabla hujaandika mstari wowote wa kudai, chora jedwali la safu nne: kazi mliyokubaliana, tarehe uliyoikabidhi, kiasi ulichostahili na kiasi kilichoingia. Kila mstari uwe na ushahidi wake, iwe kifungu cha mkataba, barua pepe ya kupokea kazi au taarifa ya benki. Kama mlikubaliana kwa mdomo, meseji za maelekezo na malipo ya awali husaidia kuonyesha kuwa makubaliano yalikuwepo. Usifute mazungumzo kwenye simu ukidhani skrinshoti inatosha, maana picha peke yake ni rahisi kukanushwa.

Kisha tenga deni lisilobishaniwa. Tuseme ulifanya kazi siku 22, naye mwajiri anakubali 18 na kuzikataa 4 akidai zilikuwa na kasoro. Dai siku 18 zilipwe sasa, hizo 4 mzijadili kando. Wengi hukwama hapa: wanapigania zote kwa mkupuo, na hela ambayo hakuna anayeikataa inazidi kuchelewa.

Barua ya madai iwe ukurasa mmoja, bila matusi wala kutishia polisi:

“Awamu ya pili niliikabidhi tarehe 3, mkaipokea tarehe 5. Ankara namba 7 ilipaswa kulipwa ndani ya siku 30 na muda huo umepita. Naomba salio lilipwe ndani ya siku 14.”

Nakala impate mhasibu. Pengine ankara imekwama tu kwa kukosa sahihi ya msimamizi.

Mwajiri akijibu “tutalipa, subiri kidogo”, usikasirike: amekiri deni kwa maandishi. Mwombe ataje kiasi na tarehe. Akileta sehemu ya pesa pamoja na fomu ya “malipo kamili na ya mwisho”, usisaini. Andika kwamba umepokea sehemu ya deni, ukitaja salio. Na usishikilie vifaa vyake au nywila, wala kufuta kazi, kwani utampa naye dai dhidi yako.

Akinyamaza, soma kifungu cha migogoro: mikataba mingine inalazimisha usuluhishi kabla ya mahakama. Angalia pia kama ulikuwa mkandarasi kweli, yaani mtu anayejitegemea na kulipwa kwa kazi ya mkataba, si mwajiriwa. Aliyepangiwa saa, vifaa na namna ya kufanya kazi anaweza kuhesabika mwajiriwa hata mkataba ukisema vingine, na madai ya ajira mara nyingi yana ukomo (muda wa mwisho wa kufungua madai) mfupi zaidi. Ulizia ukomo huo mapema, kwa sababu kwa kawaida siku zinaendelea kuhesabiwa hata mkiwa bado mnazungumza.