Laptopu na chati za bahari chomboni: vile mimi nafanya hapa Lamu

Ndugu zangu wa baharini, hivi karibuni nimeulizwa sana hii kitu, hasa na vijana wa Shela na Matondoni wenye mashua zao, kwamba laptopu inatumikaje chomboni, GPS inaungwa vipi na ramani zinatoka wapi. Nitaeleza vile mimi nafanya, na kuna jambo moja nitalirudia mpaka mchoke: laptopu inakwambia chombo kiko wapi, lakini fungu la mchanga liko wapi bado anajua nahodha. Kwa hivyo kazi kubwa ni kuitia ile elimu ya nahodha ndani ya laptopu, hayo mengine ni nyaya tu.

Programu ya kusomea chati, yaani ramani za bahari, natumia OpenCPN. Ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux, na haitaki mashine ya nguvu, laptopu ya mtumba inatosha kabisa bora iwe na diski ya SSD maana zile diski za zamani zinazozunguka hazipendi chombo kikipigwa na mawimbi. Instoli ukiwa nyumbani penye intaneti, usingoje ufike Kiwayu ndo uanze kutafuta netiweki.

GPS nunua ile ndogo ya USB, ina waya na sumaku chini. Ukishaichomeka, ingia kwenye setingi za OpenCPN, upande wa "Connections", ongeza muunganisho mpya wa aina ya "Serial", chagua ile COM iliyotokea (ndo jina la tundu ulilochomeka GPS) halafu spidi weka 4800, ikikataa jaribu 9600. Ikishika utaona kile kichombo kwenye skrini kimepata rangi, kikibaki kijivu jua hakuna GPS. Sasa kuna balaa moja ya Windows ambayo ilinihangaisha siku mbili nzima, mshale wa mausi unaanza kuruka skrini nzima na kufungua vitu wenyewe, nikadhani ni virusi, kumbe Windows imeiona GPS ikadhani ni mausi ya kizamani! Dawa yake ni kuiwasha laptopu kwanza mpaka itulie ndo uchomeke GPS, na ikirudia tena ingia Device Manager, kwenye orodha ya mausi utaiona imeandikwa "Serial BallPoint", izime hiyo, basi.

Tuje kwenye chati zenyewe, na hapa naomba msome polepole.

Programu ni bure lakini chati za pwani yetu si za bure. Zile za bure za NOAA, shirika la serikali ya Marekani, ni za maji ya Marekani tu. Za huku zimepimwa na kutolewa zaidi na Waingereza, na za kielektroniki zinauzwa na unalipia leseni. Kuna pia faili kubwa la ramani za dunia nzima ambalo watu wanapeana kwa flashi, la miaka mingi nyuma, na mimi nilipewa. Nikapita nalo Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, maji yamejaa vizuri, tuko katikati ya mlango mikoko huku na huku, na skrini inaonyesha chombo kinatembea juu ya nchi kavu ya Manda. Mchana ule tulikuwa tunaona kwa macho. Fikiria ingekuwa usiku na mtu anashika usukani kwa kuitazama skrini. Faili lile nililifuta siku ileile.

Sababu za skrini na bahari kuachana hivyo ni mbili. Moja ni kipimo cha dunia kinachotumika, GPS inatumia WGS84 lakini ramani nyingi za zamani zilichorwa kwa vipimo vingine, kwa mfano ramani za nchi kavu za Survey of Kenya zilitumia Arc 1960, na tofauti yake na WGS84 huku kwetu ni kama mita mia tatu hivi. Mita mia tatu ndani ya Mkanda ni uko msituni. Sababu ya pili ni upimaji wenyewe, sehemu zingine zilipimwa zamani sana kwa bildi, yaani kamba yenye risasi ya kupimia kina, na fungu la mchanga halikai likakungoja. Chati ya kielektroniki nzuri inakwambia yenyewe imeaminika kiasi gani, ukibonyeza kitufe cha kulia cha mausi na kuuliza habari za pale mahali utaona daraja la ubora wa data: A1 mahali pamekosewa mita 5 tu, B ni mita 50, C ni mita 500, na D ni mbaya kuliko hiyo. Angalia hiyo herufi kabla hujaangalia namba ya kina. Ukiona C usijidanganye kwa kuzumu mpaka mwisho, kuzumu kunakuza picha tu, upimaji unabaki uleule.

Na uangalie chati ni ya mwaka gani. Gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa Mei 2021 na mlango umechimbwa mita 17 na nusu, kwa hivyo chati ya kabla ya ile kazi inakuonyesha Manda Bay nyingine kabisa, na sa hizi meli kubwa zinapita pale.

Kitu kilichonisaidia zaidi ni picha za setilaiti. OpenCPN inasoma faili za MBTiles, unatengeneza picha ya sehemu yako ukiwa na intaneti halafu unaiweka kama chati nyingine. Tafuta picha iliyopigwa maji yamekupwa, mafungu yote yanatokea meupe na mlango unauona wa kijani kibichi kama umechorwa kwa kalamu. Kabla ya kuiamini nenda ukafunge chombo gatini, utazame kama kichombo cha kwenye skrini nacho kiko gatini. Kikiwa mbali na gati, jua picha imesogea kwa umbali huo.

Haya, maji. Nambari ya kina kwenye chati ni ya maji yakiwa chini kabisa, na nambari yenye mstari chini yake ni fungu linalotoka nje kwa kimo hicho. Tuseme fungu limeandikwa 1.2 na mstari chini, na jedwali la kujaa na kupwa linasema maji sasa ni mita 3, basi juu ya fungu kuna mita 1.8. Chombo changu kinazama mita 1.25, nabaki na nusu mita na kidogo, napita kama hakuna wimbi. Siku za maji mafu, yanapojaa kidogo tu, maji hayafiki huko, hesabu ileile inakukalisha mchangani masaa sita. Na kama uko katikati ya kujaa na kupwa, gawa ile tofauti ya maji ya juu na ya chini sehemu kumi na mbili: saa ya kwanza inapanda moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Bamvua, yaani maji makubwa, likiwa la mita 3 kila sehemu ni robo mita, kwa hivyo saa ya kwanza huoni kitu na saa ya tatu na ya nne ndo mkondo unakimbia.

Angalieni saa jamani! Laptopu mara nyingi inaonyesha UTC, ile saa ya dunia nzima. Huku tunaongeza tatu, halafu kuna saa yetu ya Kiswahili. Ikiandika 07:00 UTC, ni 10:00 ya hapa, yaani saa nne asubuhi. Mtu akichanganya hapo anaingia Mkanda maji yanatoka.

Sasa lile jambo langu. Ami yangu amepita Mkanda tangu utotoni na hajawahi kushika laptopu. Nilimwambia, "Ami, naomba uendeshe wewe, mimi nitarekodi." Akaniuliza, "Warekodi nini, sauti?" Nikamwonyesha kwenye OpenCPN kuna kitufe cha kuanza "track", chombo kinaacha mstari nyuma yake. Akashika usukani, kila alipokata kona ananieleza mkoko upi anautazama, na mimi natia alama pale na kuandika maneno yake yaleyale pamoja na saa na maji yalikuwa kiasi gani. Tulienda na kurudi mara tatu, siku tatu mbalimbali. Siku ya tatu alikuwa ananiambia mwenyewe, "Tia alama hapa, hapa panadanganya." Ule mstari wake ndo chati yangu ya Mkanda mpaka leo, na hakuna ya kununua inayoukaribia. Baada ya kila masika naurekodi upya maana mchanga unahama. Ukienda Malindi vilevile, pale Sabaki inapomwaga tope na kule Kipini kwa mto Tana, usiamini mstari wa mwaka jana.

Ukiandika mahali kwa mkono chunga sana, Lamu ni digrii 2 dakika 16 kusini. Ukiandika 2.16 si hiyo, dakika 16 ni 0.267 ya digrii, na kosa hilo ni maili sita za bahari. Na usisahau S ya kusini, ukiweka N uko nchi kavu kaskazini, karibu na mpaka wa Somalia.

Umeme usiutie inveta, inakula bure. Nunua chaja ya gari inayotoa volti 12 kwenda 19. Laptopu ya wati 45 inavuta kama ampea 4, betri ya 100Ah ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, ni masaa kumi na mbili hivi. Laptopu ikae ndani chini, mbali na chumvi, na usiku weka rangi ya usiku macho yasipofuke.

Ukitia nanga, weka alama pale nanga ilipoangukia, kisha uiwekee ulinzi wa nanga, duara liwe urefu wa kamba na urefu wa chombo pamoja, maana mkondo wa Lamu ukigeuka chombo nacho kinazunguka upande wa pili, na duara likiwa dogo alamu italia bure. Mtu akianguka majini bonyeza Ctrl na spesi pamoja, alama inakaa pale alipoangukia. Fundisheni hiyo kila anayepanda chombo kabla ya kung'oa nanga, hata watoto.

Mwisho wa safari toa njia zako zote kama faili ya GPX, nakili kwenye flashi moja na kwenye simu, flashi iwe kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Ya Ami yangu nimeiweka sehemu tatu.