Seva ya Linux inayoanguka mara moja moja: jinsi ya kupata chanzo

Kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) inayoanguka kila ukiiwasha haina taabu kubwa. Inayochosha ni ile inayokaa wiki nzima bila shida, halafu usiku mmoja seva inajiwasha upya na logi haina hata mstari mmoja wa maelezo. Hapo wengi hubadilisha RAM, draiva na toleo la kerneli kwa mkupuo. Usifanye hivyo. Ikitulia hutajua kilichoitibu ni kipi, na huenda haijapona bado.

Logi huwa tupu kwa sababu kerneli iliyoanguka haiaminiki tena kuandika diskini. Dawa yake ni kdump: kerneli ya pili hukaa kwenye sehemu ya RAM iliyotengwa tangu mashine inawaka, nayo huamka ile kuu inapokufa ili ihifadhi yaliyomo kwenye kumbukumbu. Kwenye Debian:

`apt install kdump-tools crash`

Fungua `/etc/default/grub.d/kdump-tools.cfg`, weka `crashkernel=512M`, endesha `update-grub`, kisha washa upya. Kiasi kinachowekwa na mfumo wenyewe mara nyingi hakitoshi kwenye seva yenye vifaa vingi. Kerneli ya pili huishiwa nafasi na hupati kitu. `cat /sys/kernel/kexec_crash_loaded` ikitoa 1, iko tayari.

Ongeza `kernel.panic_on_oops=1` kwenye sysctl (mipangilio ya kerneli), maana bila hiyo kerneli inaweza kuendelea kufanya kazi ikiwa imeshaharibika na kukuachia ushahidi uliochanganyika. Kama mashine huganda badala ya kujizima, weka pia `kernel.softlockup_panic=1`. Jaribu kwa `sync; echo c > /proc/sysrq-trigger`. Amri hii inaiangusha seva kwelikweli, kwa hiyo chagua saa ambayo hakuna anayeitumia.

Ikianguka tena, picha ya kumbukumbu iko `/var/crash`. Ifungue kwa programu ya crash pamoja na faili la vmlinux lenye alama za utatuzi, la toleo lilelile hasa, kisha andika `log` na `bt` (mlolongo wa funkisheni zilizoitwa). Soma Oops (ripoti ya hitilafu ya kerneli) ya kwanza tu. Zinazofuata kwa kawaida ni matokeo yake. Angalia na herufi baada ya neno Tainted: O ni moduli iliyotoka nje ya kerneli, M ni kichakato kimeripoti hitilafu ya maunzi.

Picha moja haitoshi kuhukumu. Zikifika tatu, zilinganishe. Zote zikiangukia funkisheni moja, shuku programu. Zikiangukia sehemu zisizohusiana, shuku RAM, umeme au joto. Tazama anwani za kumbukumbu kwa makini: iliyopaswa kuanza na `ffff8881` ikionekana `fffd8881`, ni biti moja tu imegeuka, na hiyo ni tabia ya RAM mbovu. Acha memtest86+ izunguke usiku kucha, na kama rasdaemon (programu inayorekodi hitilafu za maunzi) imewekwa, soma `ras-mc-ctl --errors`.

Ukiishuku programu, washa kerneli kwa `slub_debug=FZP`. Kasi itapungua, lakini kumbukumbu iliyoachiliwa hujazwa 6b, hivyo ukikuta `6b6b6b6b6b6b6b6b` kwenye rejista, kuna msimbo unaotumia kitu kilichokwisha kuachiliwa. Funkisheni iliyoanguka inaweza kuwa imeathirika tu. Mwenye kosa ni aliyeachilia mapema, au aliyebaki na kielekezi cha zamani.

Ukilazimika kutumia `git bisect`, inayojaribu matoleo ya kerneli moja baada ya jingine ili kupata badiliko lililoleta hitilafu, usiharakishe kuandika `good` (toleo ni zima). Tuseme seva huanguka kwa wastani kila baada ya siku 3, bila mpangilio. Toleo lenye hitilafu bado lina uwezekano wa takriban asilimia 37 wa kumaliza siku 3 salama. Kwa siku 9 unashuka hadi kama asilimia 5. Ikianguka mara moja kwa hitilafu ileile, andika `bad` (toleo lina hitilafu) papo hapo. Kwa `good`, subiri angalau mara tatu ya wastani huo.