Namba, vidoti au herufi? Taratibu za kazi zinazosomeka bohari

Kazi yangu ni ukarani katika kampuni ya viungo hapa Chake Chake, Pemba, na taratibu zote za kazi hupitia mezani kwangu: kupokea karafuu, kuhifadhi, kupakia. Bosi huandika kwa namba, mhasibu kwa vidoti, mkuu wa bohari hurusha WhatsApp yenye vistari. Ukizibandika pamoja kama zilivyo, mpokeaji mgeni hajui kama kidoti ni hatua au ni jambo la kuzingatia tu.

Kabla hujagusa kompyuta, jiulize: mtu akivuruga mpangilio huu, kazi itaharibika? Kama itaharibika, tia namba. Kama haijali, tia vidoti. Herufi mimi naziweka akiba kwa pale mtu anapotakiwa kuchagua: (a) karafuu kavu, ziingie bohari, (b) bado mbichi, zirudi majamvini. Basi. Ukishaamua hivyo, andika uamuzi wako kwenye ukurasa mmoja na uwape wenzako wote, bosi akiwemo.

Namba nazipigania kwa sababu ya simu. Msimu ukipamba moto, mtu wa Wete au Mkoani anapiga: "Nimekwama namba tatu, nifanyeje?" Kidoti utakitajaje? "Kile cha chini ya kile kingine"? Huku gunia liko wazi na mwenye mzigo anasubiri.

Panapowashinda wengi ni vitenzi. Hatua ya kwanza inasema "Kufungua gunia", ya pili "Pima", ya tatu "Stakabadhi itolewe". Hiyo ya tatu ndiyo mbaya zaidi: itolewe na nani? Kila mmoja anamngoja mwenzake. Na "Pima!" tupu, ikibandikwa ukutani mbele ya mzee aliyeanza kazi wewe hujazaliwa, ina ukali wake. Mimi hutaja mtendaji kwenye sentensi ya kutangulia, kisha vitenzi vyote vinamfuata yeye:

Gunia likifika, mpokeaji:
1. Alifungue mbele ya mwenye mzigo.
2. Achote karafuu juu, katikati na chini ya gunia.
3. Akague kama zina:
   • makonyo
   • mpeta
   • mchanga
   • ukungu
4. Apime uzito na kuuandika daftarini.
5. Ampe mwenye mzigo stakabadhi.

Tazama hatua ya 3. Makonyo (vikonyo vya karafuu) yakitangulia mpeta (karafuu zilizoharibika) au yakifuata, hakuna kilichoharibika, kwa hiyo ni vidoti. Lakini 4 ikitangulia 2, umeshapima mzigo usioujua. Tena ngazi ni mbili tu. Ukijikuta unataka ya tatu, yenye (i) na (ii), hiyo ni utaratibu mwingine. Uandikie karatasi yake. Sheria zina vifungu vya namna hiyo, lakini husomwa na mtu aliyekaa kitini, si aliyeshika gunia kwa mkono mmoja.

Alama za mwisho zisikuumize kichwa: sentensi kamili imalizike kwa nukta, neno moja moja lisiwe na kitu. Sentensi ya kutangulia iishe kwa nukta mbili.

Sasa Word. Usiandike namba kwa mkono, hata kama orodha ni fupi. Tumia staili ya orodha, ili ukiongeza hatua katikati zilizobaki zijipange zenyewe. Tab hushusha ngazi, Shift na Tab huirudisha juu. Orodha mpya ikianza na 6 badala ya 1, bofya namba hiyo kwa kitufe cha kulia cha mausi uchague kuanza upya. Maneno yaliyotoka WhatsApp yabandike kama maandishi matupu, vistari uvifute, kisha uyape staili yako. Ukiyaleta na mapambo yake utashinda ukiyakimbiza.

Na pale unapoandika "rudia hatua ya 2", hiyo 2 iingize kwa kitufe cha marejeo (Cross-reference), usiiandike kwa mkono. Hatua zikiongezeka, chagua hati nzima kwa Ctrl na A, bonyeza F9, namba hizo nazo zitasogea. Fanya hivyo kila mara kabla ya kuchapa nakala za kupeleka bohari.