Somo: Namna ya kukokotoa vipimo vya gurudumu la mbao la gari la farasi

Naandika somo hili kwa sababu swali la ukubwa wa magurudumu ya mbao linarudiwa mno, ilhali halina jibu moja. Katika magari ya wahamiaji wa Marekani wa karne ya 19, gurudumu la mbele lilikuwa na kipenyo cha takriban inchi 44 na la nyuma takriban inchi 50, lakini kila karakana ilikuwa na desturi yake.

1. Chagua kipenyo. Tuchukue sentimita 120.

2. Zidisha kwa 3.1416 upate mzingo: sentimita 377.

3. Panga spoki. Kila kipande cha ukingo kwa kawaida hupokea spoki mbili, hivyo spoki 12 zinahitaji vipande 6.

4. Kata pete ya chuma. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Tembeza kigurudumu kilekile cha kupimia juu ya ukingo wa mbao na ndani ya pete, chuma kikiwa baridi kabisa. Bapa la chuma likikunjwa, upande wa ndani hubanwa na wa nje huvutika. Kwa hiyo, unapolikata, ongeza unene wake mara 3.14 juu ya mzingo wa ndani unaoutaka. Mzingo huo lazima uwe mfupi kuliko wa mbao, ili pete itanuke motoni, ivishwe, kisha imwagiwe maji na kukaza viungo vyote. Joto likipanda kwa nyuzi 500 za Selsiasi, chuma hutanuka kwa takriban asilimia 0.6, yaani sentimita 2.3 hapa. Ukiifupisha pete zaidi ya hapo haitaingia kwa joto hilo, na hata ikikaribia kiasi hicho inaweza kuvunja spoki.

Swali: Mkuu, kwa kifupi, gurudumu ni inchi ngapi?

Jibu: Soma aya ya kwanza.

Swali: Samahani mwalimu, kwa nini la mbele lilikuwa dogo?

Jibu: Umeuliza vyema. Gari likikata kona, gurudumu la mbele huelekea chini ya bodi, na likiwa kubwa hugonga. La nyuma halina kizuizi hicho, na ukubwa hulisaidia kupanda mashimo na mawe kwa urahisi zaidi.

Swali: Vipande 6 vya ukingo nivipimeje bila hesabu ndefu?

Jibu: Vikiwa 6 vilivyo sawa, umbali wa moja kwa moja kati ya ncha mbili za nje za kila kipande ni sawa na nusu ya kipenyo, yaani sentimita 60. Bikari inatosha.

Swali: Langu la zamani limelegea. Nililoweke majini?

Jibu: Mbao itavimba na kukaza kwa muda, kisha italegea tena ikikauka. Dawa ni kuifupisha pete.