Namna ya Kuurudia Mtaa wa Maduka Ulioufahamu Zamani: Mfano wa Iringa Mjini

Mtu aliyekulia Iringa na kurejea baada ya miaka mingi hutamani kushuka kwenye gari na kwenda moja kwa moja mtaani. Ninashauri ajizuie kwa nusu saa. Achukue karatasi na kalamu, akae mahali penye utulivu, achore mtaa kama anavyoukumbuka, mlango kwa mlango, upande wa kushoto na wa kulia, akiandika kila duka liliuza nini na nani alikaa barazani. Asimwulize mtu na asifungue picha kwenye simu, kwa sababu ukishauona mtaa wa leo, kumbukumbu ya zamani hujirekebisha yenyewe bila wewe kujua, na huwezi tena kutofautisha ulichokikumbuka na ulichokiona. Mimi nilichora kipande cha Miyomboni hadi Soko Kuu, na duka la vitambaa vya sare ambako mama alininunulia sweta la shule nikaliweka kushoto. Lilikuwa kulia. Bila karatasi ile nisingegundua kamwe kwamba nilikosea.

Chagua saa kwa uangalifu. Asubuhi mapema, kabla wafanyabiashara hawajatandaza bidhaa nje, kuta, milango na baraza huonekana vizuri; Jumapili ni bora zaidi, kwa kuwa maduka mengi hufungwa. Kisha urudi siku ya kazi jioni, uone watu. Ukienda Juni au Julai, vaa nguo nzito.

Ukiwa mtaani, anza kutazama juu. Sehemu ya duka inayobadilika haraka ni ile iliyo usawa wa macho, yaani bango, kioo na rangi, wakati sehemu iliyo juu ya bango huachwa miaka mingi kwa kuwa kuigusa ni gharama isiyoleta mteja. Kwenye majengo yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi, chunguza ukingo wa mbele wa paa, ambako wakati mwingine utakuta mwaka wa ujenzi au jina lililofinyangwa kwa saruji na kupakwa chokaa mara nyingi hata herufi zikavimba. Baadaye inama utazame chini. Nilipolipata lile duka la sare, ambalo sasa linauza simu, sikulitambua kwa chochote isipokuwa kizingiti chake: saruji imelika katikati kama bakuli, na pembeni mwa baraza vimebaki vishimo vinne vidogo mahali ilipokaa miguu ya cherehani. Niliweka kidole katika kimoja. Kiliingia hadi kwenye kucha.

Hatua inayofuata ni kuyaunganisha mabadiliko na sababu zake, na hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema kwa kusema tu kwamba zama zimebadilika. Mabadiliko mengi ya mtaa wa Kitanzania yana tarehe. Ukikuta jengo la zamani ambalo wapangaji wake wamebadilika mara nyingi lakini kuta hazikuguswa, kumbuka sheria ya mwaka 1971 iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake zilihamia Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990; mpangaji hana sababu kubwa ya kubomoa nyumba isiyo yake. Wingi wa nguo za mitumba una asili yake katika mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe baada ya miaka ya foleni kwenye maduka ya RTC, yaani kampuni za serikali za biashara za mikoa. Vibanda vya mawakala wa fedha visingekuwapo kabla ya mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza nchini. Mifuko ya plastiki iliyokuwa ikining'inia kwenye kila mlango ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na vibao vya namba za nyumba vilienea kwa zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022. Hapa Iringa ongeza kuhamishwa kwa mabasi makubwa kwenda Igumbilo, kulikowaondolea wauzaji wa karibu na stendi ya zamani wale abiria waliokuwa wakinunua kikapu cha milulu dakika tano kabla ya basi kuondoka.

Mambo ambayo kuta haziwezi kukueleza, waulize watu, hasa mafundi. Kijana anayeuza dukani huenda aliajiriwa mwaka jana, lakini fundi wa cherehani au wa viatu hukaa baraza moja muda mrefu. Mpe kazi kwanza, hata kushona kifungo, na uanze kwa salamu kamili. Usiulize mwenye duka alikwenda wapi, kwani swali hilo linaweza kugusa msiba, deni au ugomvi wa urithi, na linakufanya uonekane mpelelezi. Uliza biashara.

"Shikamoo baba. Hapa kwenye simu, zamani palikuwa panauzwa nini?"

"Marahaba mwanangu. Vitambaa vya sare. Wewe ni wa hapa?"

Nilipomweleza kwamba nilivalishwa sweta pale, alisimamisha cherehani na kuzungumza nami karibu saa nzima. Picha nilipiga baada ya hapo, kwa ruhusa yake.

Mwisho, chora mtaa upya kwenye karatasi ya pili na uiweke kando ya ile ya kwanza. Weka alama moja kwa jengo na biashara visivyobadilika, nyingine kwa jengo lile lile lenye biashara mpya, ya tatu kwa jengo jipya, kisha mpe aliyebaki mtaani aisahihishe michoro yote miwili. Fundi yule alivaa miwani, akachukua chaki yake ya kushonea, akafuta duka langu la kushoto, akalichora kulia, kisha akaongeza kwenye mchoro wa zamani duka la mafuta ya taa ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa.