SOMO: Kuchonga mnyama kwenye lino (someni kabla ya kuuliza)

Nimechoka kuulizwa "mbona fahali wangu katoka kama mdoli?" Naandika mara moja. Lino ni kipande cha linoleamu, ile ya kutandika sakafuni: unaichonga, unaipaka wino, unachapa picha kwenye karatasi.

1. Chora kwa penseli. Chapa hutoka kinyume, kwa hiyo pembe ya kulia itahamia kushoto.

2. Patasi mbili zatosha: ya V kwa mistari, ya U kwa kufukua. Mkono ulioshika lino ukae nyuma ya makali.

3. Hapa ndipo nilipoharibu. Fahali wangu wa kwanza nilimchonga unywele kwa unywele, siku tatu. Kuchapa: mkeka wenye pembe! Mikato yote urefu mmoja, unene mmoja, upande mmoja. Ukichonga, hapo panabaki peupe. Patasi inachora mwanga, manyoya waachie wapiga picha. Tafuta uzito wa mnyama uko wapi. Kwenye nundu, mikato mifupi na mipana. Mgongoni, mmoja mrefu, usinyanyue mkono. Tumbo usiliguse. Mikwaruzo inayobaki pembeni usiisafishe yote, inampa mnyama mwendo. ONYO: kilichokatwa hakirudi. Chapa ya majaribio mapema, kisha nyingine.

4. Wino mwembamba kwa rola, karatasi juu, sugua kwa mgongo wa kijiko.

MASWALI

— Mkuu, patasi gani?
— Hatua ya 2.

— Mbona yangu imetoka pembe upande mwingine? Somo lako lina kasoro.
— Hatua ya 1. Kasoro iko kwenye kusoma.

— Nitajuaje pa kuishia? Naogopa kupitiliza.
— Swali zuri, dada. Tazama fahali wa mchoraji Picasso, Paris, Desemba 1945 hadi Januari 1946: hatua 11, kila moja ikachapwa, kutoka mnyama mwenye nyama hadi mistari michache tu. Ila ile ilikuwa chapa ya jiwe, yaani picha inachorwa juu ya jiwe kisha inachapwa. Aliweza kukwangua na kuchora upya. Sisi wa lino hatuna nafasi hiyo, ndiyo maana nasema acha weusi mwingi. Ukisita, simama.

— Kwani yeye hakugusa lino?
— Aligusa sana. Miaka ya 1950 huko Vallauris, kusini mwa Ufaransa, alichonga hata mabango ya mapigano ya mafahali.

— Lino yangu ngumu, inamegeka.
— Ianike juani dakika chache, italainika.
— Mimi huwa naikalia nikinywa chai.
— Hiyo nayo inafanya kazi.