Namna ya kuleta daladala mtaani kwenu

Mimi ni fundi cherehani, kazini kwangu ni Kariakoo, na ni mjumbe wa serikali ya mtaa huku kwetu pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Mbezi. Kwa miaka sita nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, nampa bodaboda Sh1,500 anifikishe kwenye lami, ndipo nianze kugombania gari. Kwenda na kurudi ni Sh3,000. Kwa siku 26 za kazi ni Sh78,000 kila mwezi, na hapo nauli ya daladala bado. Nina majirani ambao kodi ya chumba haifiki hapo.

Leo daladala inageuzia mita mia tatu kutoka mlangoni kwangu. Watu wa mitaa ya jirani wananiuliza tulipitia wapi, kwa hiyo nimekaa kuyaandika yote.

Barua yetu ya kwanza ilisema: "Tunaomba tuletewe magari." Ilipotea miezi mitatu katika ofisi moja, na hata isingepotea, isingezaa kitu. Halmashauri haina magari ya kumletea mtu. Wazee wetu wanalikumbuka shirika la umma la mabasi ya mjini, UDA, lililoanzishwa 1974, na wengine bado wanaamini kuna mahali mabasi yamepangwa yanasubiri kugawiwa. UDA lilielemewa na abiria, na 1983 serikali ikaruhusu rasmi magari ya watu binafsi kubeba watu mjini. Ndizo daladala hizi. Mwenye gari anamkabidhi dereva, dereva anampelekea hesabu, yaani kiasi walichokubaliana, kila siku, na mafuta, tairi na posho ya konda vyote vinatoka kwenye nauli yako.

Kwa hiyo msiombe gari. Ombeni barabara inayopitika, ombeni pa kugeuzia, kisha ombeni ruti. Kila kimoja kina mlango wake, na ukibisha mlango usiohusika utarudishwa mpaka uchoke.

Kabla ya yote, hesabuni watu. Tulikaa vijana wawili na mimi pale kwenye mwembe, daftari mkononi, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja asubuhi, tukapiga mstari kwa kila anayepita kuelekea lami. Tulipata watu 412 siku ya Jumanne. Kosta likibeba watu 30, hizo ni karibu safari kumi na nne zilizojaa. Halafu tukarudi mchana, na hapa naomba msikilize vizuri, maana wengi wanaruka. Mwenye gari hana wasiwasi na asubuhi, anajua litajaa. Anachoogopa ni saa nne hadi saa tisa, gari linapozunguka na viti vitupu huku hesabu inamsubiri. Sisi tuliandika wanafunzi, akina mama wanaokwenda kliniki na wafanyabiashara wa soko wanaorudi na mizigo. Daftari lile lilifungua milango mingi kuliko barua zote.

Takwimu zenu zipelekeni kwenye mkutano mkuu wa mtaa. Hakikisheni mtendaji anaandika muhtasari, na mahudhurio yanasainiwa. Barua bila muhtasari ni maneno ya mtu mmoja. Muhtasari unapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, na diwani ndiye anayekwenda kusimama kwenye baraza la madiwani. Mshikeni diwani mapema. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti hupikwa zamani: mabaraza huipitisha mwanzoni mwa mwaka, na Bunge hujadili kuanzia Aprili hadi Juni. Mkipeleka ombi Machi mmechelewa mwaka mzima. Sisi la kwetu lilifika kata mwezi wa tisa.

Sasa barabara. Zile kubwa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na za mitaani, tangu 2017, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Fedha zake nyingi za matengenezo zinatoka Mfuko wa Barabara, yaani tozo iliyomo ndani ya kila lita ya petroli na dizeli. Mwaka 2021 iliongezwa Sh100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Nililisema hili kwenye mkutano: kila tunapompa bodaboda pesa, sehemu inakwenda kwenye mafuta, na ndani ya mafuta tumo sisi tunaoilipia barabara. Mama mmoja muuza maandazi akasimama akasema, "Kumbe tunadai chetu!" Kuanzia siku hiyo sauti ya mkutano ilibadilika.

Msiombe lami ya kilomita zote. Ni ghali, na mtasubiri miaka. Tafuteni mahali penyewe panapolizuia gari. Tulimwomba dereva mmoja wa Kosta aje Jumapili, tukamchangia mafuta, nami nikakaa kiti cha mbele. Alikwenda vizuri mpaka kwenye kijito, akasimama. Mvua ilikuwa imekula ukingo wa kalavati, udongo umeondoka, zege limebaki likining'inia. Akashuka, akachuchumaa, akapima kwa mkono wake kutoka zege hadi ukingoni. "Mama, gari si langu," akaniambia. "Nikikata springi hapa, bosi anataka hesabu yake vilevile." Basi ombi letu kwa meneja wa TARURA wa wilaya halikusema "barabara mbovu". Lilisema kalavati moja, na mita themanini za kifusi na kushindilia kila upande. Kazi inayopimika namna hiyo inaweza kuingia kwenye bajeti ya matengenezo, na yetu iliingia.

Pa kugeuzia ni suala la halmashauri. Ardhi ya kituo na stendi ni kazi yake, na ina mapato yake ya ndani, yakiwemo ushuru wa stendi na masoko. Stendi kubwa ya Magufuli pale Mbezi Louis iko chini ya Manispaa ya Ubungo, na kila basi linaloingia linaiingizia halmashauri fedha. Msitegemee stendi ya namna hiyo. Kosta linahitaji uwanja wa kuzunguka bila kurudi nyuma, kwa sababu nyuma ndiko watoto wanakochezea. Sisi tulikuwa na eneo la wazi kando ya soko. Tuliomba litengwe kwa maandishi kabla mtu hajajenga kibanda. Fanyeni hivyo mapema. Kibanda kikishasimama, kukiondoa ni ugomvi wa kweli, na anayeumia ni mwenzenu.

Ruti inatolewa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Wengi wanashangaa kwa nini si halmashauri. Dar es Salaam ina halmashauri tano, na daladala moja inaweza kukatiza mbili au tatu kabla ya saa mbili asubuhi. LATRA ndiyo inayoandika kwenye leseni gari litoke wapi lifike wapi, ndiyo inayopanga nauli, na ule mstari wa rangi ubavuni mwa daladala ndio unaokuonyesha njia yake. Nendeni ofisi yao mkiwa na muhtasari, takwimu zenu, na barua ya kwamba barabara na kituo vipo. Na mwende na wenye magari. Sisi tulikwenda na wawili waliokuwa tayari kuomba leseni ya njia hiyo, na mazungumzo yakawa mafupi.

Wakati mnasubiri, kuna fedha za halmashauri zinazoweza kuingia kwenye chombo chenyewe: mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, isiyo na riba, kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wetu kilinunua bajaji. Watu wanne wakichangia bajaji moja hadi kwenye lami, mfuko unapumua.

Magari yakishaanza, msilale. Wiki ya tatu madereva walianza kukatisha ruti jioni, wanashusha watu wote kwenye lami na kugeuza wakawahi abiria wa mjini. Mjamzito mmoja wa mtaa wetu alitembea gizani na mzigo kichwani, na mimi hilo siwezi kulinyamazia. Andikeni namba ya gari, saa na mahali, na mpeleke LATRA. Ruti iliyo kwenye leseni ni sharti. Baraza la ushauri la watumiaji wa usafiri wa ardhini nalo lipo kwa ajili ya abiria. Daftari la hesabu tumeligeuzia upande wa pili, na kila jioni kijana mmoja anakaa pale kituoni akiandika gari lililofika na saa lililofika.